Tunamtumaini nani?

Haya wadau, leo nitawaudhi baadhi yenu wa pale kimbwetani, ila lazima niseme. Nimechoka na hii kauli ya "vijana tusikate tamaa, tabianchi itakaa sawa". Itakaa sawa kivipi? Nani anaiweka sawa?

Sisi wa Tunduma ukame hatuusomi kwenye desa. Msimu wa 2023/24 mvua ziliwagomea wenzetu wa Zambia, Februari 2024 serikali yao ikatangaza janga la taifa. Nakonde unakwenda kwa mguu! Mwaka huohuo Tanzania ikakubali kuwauzia tani 650,000 za mahindi, na huku kwetu kuna watu wakaita neema. Jamani, mawingu yana pasipoti? Safari ile tulikuwa wauzaji tu.

Halafu kahawa ya Mbozi. Utafiti uliotoka 2015, wa kanda ya kaskazini, ulionyesha kwamba joto la usiku likipanda nyuzi 1, hekta moja ya arabika inapoteza kama kilo 137 kwa mwaka. Ya Mbozi nayo ni arabika. Na mche unaopanda leo unangoja miaka kama mitatu ndo uanze kuchuma, kisha utauhudumia miaka kibao. Anayepanda kahawa sasa hivi anajua kutumaini kuliko mtoa mada yeyote mwenye slaidi 40, maana yeye kabla hajachimba shimo anauliza kivuli atatoa wapi na maji je.

Kwa Kiswahili chetu, ukitumaini kuna unayemtumaini. Sasa ni nani? Nchi tajiri ziliahidi kule Copenhagen 2009 kwamba ifikapo 2020 zitatoa dola bilioni 100 kila mwaka. Kwa hesabu za OECD, wao wenyewe, zilifika 2022. Aliyewahi kungoja boom ananielewa.

Na nyie wa "tumeshakwisha", msicheke. Aliyekata tamaa hadai, na mdaiwa hapo analala usingizi mnono.

TaCRI wana kituo Mbimba, hapohapo Mbozi. Miche yao bora inahimili chulebuni na kutu ya majani, safi sana. Na joto je? Mkulima mdogo anaipata kwa bei gani, lini? Kongamano lijalo nikipewa maiki nauliza hayo, na mtu asinijibu "tuombe Mungu". Kuomba tunaomba kila siku.