Tuwafunze Adabu Kabla ya Ngumi

Siku hizi watoto wetu wanapenda karate. Wanaiona katika mabanda ya video na katika simu. Wakitoka shule hapa Bulwa, wanarushiana mateke njiani. Wazazi wengine huwafokea. Wengine hucheka tu. Mimi naona sote tunakosea.

Karate ni mchezo wa kujihami kwa mikono mitupu. Ulitoka Okinawa, huko Japani. Mwaka 1922 Mwalimu Gichin Funakoshi aliupeleka katika mji wa Tokyo. Yeye alifundisha kwamba mwenye karate haanzi kupiga. Katika nchi yetu, Mwalimu Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi, alianza kufundisha karate Dar es Salaam mwaka 1973.

Katika darasa zuri la karate, mtoto huvua viatu. Huinama kumsalimu mwalimu. Husimama mstarini na kungoja zamu yake. Huanza na mkanda mweupe. Kufika mkanda mweusi ni kazi ya miaka mingi. Basi somo la kwanza ni adabu. Ngumi huja baadaye.

Lakini mwalimu hukaa na mtoto saa chache tu kwa juma. Siku zote nyingine mtoto yuko kwetu.

Mimi mwenyewe nilikosa. Mwanangu alikuwa akijifunza karate kwa mwalimu mmoja. Nilitoa ada, basi. Sikwenda kumwona mwalimu hata siku moja. Jioni moja mwanangu aligombania zamu bombani. Alimpiga teke mtoto wa jirani, akamvunja jino. Nilimwendea mwalimu kwa hasira. Akaniuliza kwa upole, "Mwanao hajaja hapa kwa majuma matatu. Hukujua?"

Sikujua. Niliona aibu. Nikamchukua mwanangu, tukaenda kwa jirani kuomba radhi.

Wazee husema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Katika jambo hili mimi sikubali. Mtoto akikatwa na wembe, ataumia yeye. Mtoto mwenye karate bila adabu huumiza wengine. Tusimwachie wembe peke yake. Tukae naye tumfundishe kuushika.

Tufanye nini?

Kwanza, mjue mwalimu. Nenda ukaone anavyofundisha. Mwalimu anayewatukana watoto, au anayewapiganisha ili watu wacheke, hafai.

Pili, jua siku na saa za mazoezi. Mtoto akirudi, muulize amejifunza nini. Afanye pia kazi za shule na za nyumbani.

Tatu, usimsifu kwa kumpiga mwenziwe. Usimtume kulipiza kisasi chako kwa jirani.

Nne, msichana naye ajifunze. Yeye pia ana haki ya kujua kujihami.

Tano, tujitazame wenyewe. Baba anayempiga mkewe usiku, asubuhi atamwambia nini mtoto? Mtoto hufuata anachokiona.

Sisi wa Bulwa tunaijua chai. Mti wa chai usipokatwa kwa wakati hurefuka, na mchumaji hayafikii majani yake. Lakini ukiukata tu bila kuupalilia, haustawi. Mtoto ni hivyo hivyo. Hatutoshi kumkataza. Anataka pia kutunzwa.

Ndugu msomaji, usimkataze mtoto wako karate kwa hofu. Wala usimwachie mwalimu kazi yote. Nenda naye. Samaki mkunje angali mbichi.

Maswali ya kujadili darasani
1. Kwa nini mwandishi aliona aibu mbele ya mwalimu?
2. Mwandishi hakubali methali ya wembe. Wewe unaonaje?
3. Wazazi wa kijiji chetu wafanye nini ili watoto wajifunze kujihami bila kuwa wagomvi?