Sura ya Askari Katika Michezo ya Kompyuta

Wapo wanaodhani kwamba michezo ya kompyuta ni mambo ya watoto, yasiyomhusu mtu mwenye sare. Sisi tunaamini kwamba yanamhusu sana, kwani mara nyingi mhusika wa michezo hiyo ni yeye mwenyewe askari.

Mwanafunzi wa Kagugu, katika Wilaya ya Gasabo mjini Kigali, anayetaka kuunda mhusika wa mchezo hana budi kupitia hatua tatu. Kwanza hulifinyanga umbo ndani ya kompyuta, kama mfinyanzi na udongo wake. Pili hulivika ngozi, nguo na rangi, hata vumbi la buti lionekane. Tatu hulitia mifupa na viungo, kisha hulifundisha kutembea, kupiga goti na kugeuka. Chombo cha kazi hiyo hakiuzwi: programu ya Blender ni huru kwa wote tangu mwaka 2002.

Njia imekwisha kufunguliwa na majirani zetu. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa The Adventures of Nyangi, ambao shujaa wake ni mwanamke wa Kiafrika. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza fedha kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta, naye akaunda Salaam, mchezo wa kutafuta amani.

Asiyejichora huchorwa na wengine. Mchezo wa Marekani uitwao Call of Duty: Black Ops II, uliotolewa mwaka 2012, ulimwonyesha Jonas Savimbi wa Angola vitani. Watoto wake waliishtaki kampuni husika nchini Ufaransa, wakilalamika kwamba baba yao amefanywa mtu katili asiye na akili. Mwaka 2016 mahakama ilitupilia mbali madai yao. Tumpende Savimbi tusimpende, funzo ni moja: sura ikishaenea duniani, ni vigumu kuifuta.

Tena, kijana hujifunza kutokana na kile ambacho mchezo unakituza. Polisi wa mchezo akipata alama kwa kufyatua risasi tu, mtoto atamwelewa vipi polisi wa mtaani kwake? Ndiyo maana mwaka 2013 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitaka michezo inayoiga vita vya kweli ifuate sheria za vita, na anayezivunja apate adhabu humo humo mchezoni. Mwaka 2017 mchezo wa Arma 3 uliongezewa sehemu iliyohusu sheria hizo, ambamo mchezaji ni mtegua mabomu anayewaokoa raia.

Ndugu zetu askari na polisi, ujuzi wanaouhitaji vijana hawa mnao ninyi. Ninyi ndio mnaojua jinsi mtu anavyotembea akiwa na mzigo mgongoni, jinsi mkono unavyonyanyuliwa kusimamisha gari, na jinsi mateka anavyotendewa kwa mujibu wa sheria. Siri za kazi zibaki palepale. Lakini shule ikiwaalika, nendeni. Mchana mmoja wa kuwaonyesha wanafunzi askari anavyosimama, na anavyojizuia, utasaidia kuwapa watoto wetu picha ya kweli ya mlinzi wao.