Karatasi moja, mihuri minne



Mtanzania aliyeko Ohio akitaka nduguye amuuzie kiwanja cha Kigamboni, lazima atume hati ya uwakala. Anasaini mbele ya notari, pengine palepale benki, na dakika chache zinatosha. Safari inaanza baada ya hapo: muhuri wa jimbo, muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kisha wa ubalozi wetu. Kila kituo kina ada na kusubiri. Hati kama hiyo ikienda Texas, kwa kawaida muhuri wa notari peke yake unatosha, maana majimbo yanatambuana kwa sheria.

Dawa ipo tangu 1961. Mkataba wa The Hague ulifuta mlolongo huu kwa nchi wanachama: juu ya muhuri wa notari kinaongezwa cheti kimoja tu, apostili. Malawi imo tangu 1967, Oman 2012, Burundi 2015, Rwanda 2024. Sisi bado.

Najua watakaosema tutawafungulia mlango matapeli wa viwanja. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Oktoba 2010 Rais Obama alikataa kusaini muswada wa kuzilazimisha mahakama za Marekani kutambua uthibitisho wa notari wa jimbo lolote, ukiwemo wa kielektroniki. Alihofia madhara kwa wenye nyumba waliokuwa wakidaiwa na mabenki.

Lakini tujiulize: mihuri yetu minne inakagua nini? Hakuna hata mmoja unaouliza kama kiwanja ni chako. Notari anathibitisha aliyesaini. Waliobaki kila mmoja anathibitisha saini ya aliyemtangulia, basi. Tapeli mwenye subira ataipata yote. Anayeumia ni mbeba boksi anayekatwa mshahara kila akiomba ruhusa kazini.

Kinga ya kweli iko kwenye usajili wa ardhi: msajili amtafute mwenye mali kabla ya kuhamisha umiliki. Apostili haimzuii. Tena mkataba unaitaka ofisi inayotoa apostili iweke daftari, ili anayepokea cheti aulize kama ni halali.

Tunahimizwa kila siku tuwekeze nyumbani. Sawa, tuko tayari. Serikali nayo iupeleke mkataba huu Bungeni.