Si Kila Utafiti Huvaa Koti Jeupe

Utafiti wa vyuo vikuu hugawanywa na watu wengi katika mafungu mawili. La kwanza ni la vitu vinavyoshikika: dawa, mbegu, mashine, kitambaa. La pili ni la mambo yanayodhaniwa kuishia kwenye makaratasi: hisabati, sayansi za jamii na elimu. Fungu la kwanza huheshimiwa na kutengewa pesa. La pili huvumiliwa tu, kwa kuwa nchi haiwezi kukaa bila walimu. Imani hii husikika kwenye mahafali, kwenye mijadala ya bajeti, na sebuleni mzazi anapomshauri mwanawe achague kozi gani. Nchini Uganda, jirani ya Kenya, Rais Yoweri Museveni ameitamka hadharani zaidi ya mara moja, akizibeza kozi za sanaa kuwa hazina faida.

Imani hii ni potofu, na upotofu wake unaonekana wazi ukiangalia Eldoret, mji ambao sifa zake za kitaaluma hutajwa sana kuliko zinavyochunguzwa.

Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1984, baada ya pendekezo la jopo lililoongozwa na Colin Mackay wa Kanada mwaka wa 1981. Kampasi yake kuu iko Kesses, kilomita 35 hivi kutoka mjini. Kampasi ya Chepkoilel ilijitenga na mwaka wa 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Eldoret. Mji wenyewe ulipandishwa hadhi kuwa jiji la tano la Kenya mnamo Agosti 2024. Mtu akiuliza utafiti wa hapa umezaa nini, ataambiwa mambo mawili: Rivatex, kiwanda cha nguo ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka wa 2007, na AMPATH, mpango wa matibabu ulioanza mwaka wa 2001 ili kukabiliana na Ukimwi. Kiwanda kina mitambo inayonguruma. AMPATH ina kliniki, dawa na madaktari. Kwa anayeiamini imani hiyo, ushahidi umekwisha kukamilika.

Basi na tuichukue AMPATH yenyewe, maana ndiyo hoja nzito zaidi ya upande huo. Ni ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na vyuo vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana. Dawa za kupunguza makali ya virusi hazikugunduliwa Eldoret. Zilikuwa zimeshajulikana duniani kabla ya mpango huo kuanza. Swali lililobaki kujibiwa hapa lilikuwa jingine kabisa: dawa ikishafika, inamfikiaje mgonjwa wa kijijini, na inajulikanaje kama inamsaidia? Swali la aina hiyo halijibiwi kwa darubini.

Kila mpango wa matibabu huwa na wagonjwa wanaoacha kuja kliniki. Wengine wamehamia kituo kingine, wengine wamekata tamaa, wengine wamekufa na familia haikuona haja ya kutoa taarifa. Kliniki inayohesabu vifo vilivyoandikwa kwenye faili zake tu itajiona inafanya kazi nzuri sana. Chukua mfano wa kubuni. Wagonjwa ni 1,000. Vifo vilivyoandikwa ni 20, na wagonjwa 400 hawajulikani waliko. Faili zinasema waliokufa ni asilimia 2. Sasa, katika wale 400, wachaguliwe 100 kwa kura, wahudumu watumwe nyumba kwa nyumba hadi wapatikane wote, na ibainike kwamba 25 kati yao wamefariki. Kila mmoja wa wale 100 anawawakilisha watu wanne, kwa hiyo vifo miongoni mwa waliopotea ni kama 100. Ukijumlisha na vile 20, unapata 120 katika 1,000, yaani asilimia 12. Kliniki ni ileile, wagonjwa ni walewale, lakini ukweli ni mwingine kabisa.

Mfano huo ni rahisi kuliko hali halisi, ila hesabu za namna hiyo zilifanyika kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 kwa kutumia rekodi za AMPATH ulionyesha kuwa makadirio ya vifo katika mwaka wa kwanza yaliongezeka mara kadhaa pale waliopotea walipofuatiliwa na kuhesabiwa ipasavyo. Hakuna kemikali iliyochanganywa ili kuupata ukweli huo. Mizizi ya kanuni iliyotumika iko katika makala ya wanatakwimu wawili wa Marekani, Daniel Horvitz na Donovan Thompson, iliyotoka mwaka wa 1952, takriban miaka 30 kabla ya Ukimwi kutambuliwa. Walikuwa wakishughulikia swali la kinadharia kuhusu sampuli ambamo watu hawana uwezekano sawa wa kuchaguliwa. Mhadhiri wa Kesses ambaye leo anahangaika na nadharia ambayo hakuna anayejua itatumika wapi hana sababu ya kuona haya. Anayepaswa kuona haya ni anayemwuliza kila mwaka ametengeneza nini.

Hisabati ilisema wangapi wamekufa. Haikusema kwa nini walio hai waliacha kuja, wala haikuweza kusema. Hapo ndipo sayansi za jamii zinapoingia, na si kama mapambo ya kumalizia ripoti. Uchunguzi wa rekodi za mpango huo uliochapishwa mwaka wa 2010 ulionyesha kuwa wanaume walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupotea kuliko wanawake. Dawa ni moja na daktari ni mmoja, kwa hiyo tofauti hiyo haina budi kutafutwa katika maisha ya watu: kazi ya kibarua isiyo na ruhusa, aibu ya kuonekana kwenye foleni fulani, nauli, nani nyumbani anajua na nani hajui. Katika eneo la Mosoriot ilijaribiwa njia nyingine: watu wanaoishi na virusi wenyewe walipewa mafunzo ya kuwapelekea wenzao dawa nyumbani na kuwakagua. Hali ya wagonjwa haikuwa mbaya kuliko ya wale waliofuata utaratibu wa kawaida, huku safari zao za kliniki zikipungua kwa nusu. Hayo ni matokeo ya kitabibu, na chanzo chake ni kumfikiria mgonjwa kama mtu mwenye jirani, mwenye shamba na mwenye deni la matatu.

Hata madaktari waliolelewa na Chuo Kikuu cha Moi ni zao la fikra za kielimu. Kitivo chake cha tiba kilipoanza kufundisha mwaka wa 1990, kilichagua kuwafunza wanafunzi kwa kuwapa matatizo ya kutatua, na kuwapeleka katika vituo vya afya vya vijijini wangali masomoni. Mfumo huo ulitokana na watu waliochunguza jinsi mwanafunzi wa tiba anavyojifunza. Aliyetibiwa vizuri na daktari huyo amefaidika na utafiti wa elimu bila kujua.

Elimu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, kwa sababu kila mtu amewahi kukaa darasani na hivyo kila mtu anajiona mtaalamu. Kwa mfano, ni nani asiyejua kwamba shule zikipewa vitabu, alama zitapanda? Katika miaka ya 1990, huko Busia, shule za msingi zilizopewa vitabu vya kiada zililinganishwa na nyingine zilizoteuliwa kwa bahati nasibu kusubiri. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichapisha matokeo mwaka wa 2009: wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ambayo kwa watoto wengi wa huko ni ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Mtoto alipewa kitabu ambacho hakuweza kukisoma.

Jambo ambalo kila mtu alilijua halikuwa kweli, au lilikuwa kweli kwa wachache tu. Kremer alituzwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka wa 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa utafiti wa majaribio ya namna hii, na Busia ni mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka Eldoret. Inauma kuona kuwa maswali ya madarasa ya magharibi mwa Kenya yaliwapa sifa watu wa ng'ambo, ilhali wahadhiri wa hapa waliendelea kuambiwa kuwa fani yao si utafiti.

Wenye imani hii wana hoja moja ya kweli, na haifai kufichwa. Tasnifu nyingi za uzamili na uzamivu katika elimu na sayansi za jamii nchini ni dhaifu. Yeyote aliyepita kwenye rafu za maktaba ya chuo anazijua: sababu za matokeo duni ya hisabati katika kaunti ndogo fulani, hojaji ya kukubali na kukataa kwa viwango vitano, asilimia zilizopangwa kwenye majedwali, kisha pendekezo kwamba serikali iongeze walimu. Idadi ya wahojiwa huchukuliwa kutoka jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka wa 1970, na kila mwanafunzi wa uzamili nchini anaijua namba 384 inayotoka humo.

Namba hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Jedwali lile linachukulia kuwa kila mtu amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu kutoka umma mzima. Lakini mtafiti wa elimu huenda shuleni. Tuseme amechagua shule 6 na kuchukua wanafunzi 64 katika kila moja, jumla 384. Wanafunzi wa shule moja wana mwalimu mmoja, maktaba moja na mara nyingi hali moja ya nyumbani, kwa hiyo alama zao hufanana. Ikiwa asilimia 30 ya tofauti zote za alama inatokana na shule anayosoma mwanafunzi, jambo linalowezekana kabisa katika nchi yenye shule zisizolingana kama Kenya, basi wanafunzi hao 384 wanatoa habari sawa na wanafunzi 19 hivi waliochaguliwa mmoja mmoja. Kumi na tisa! Tasnifu nzima, miaka mitatu ya maisha ya mtu na ada ya familia, imejengwa juu ya hao.

Tiba yake si kuufuta utafiti wa elimu. Kosa hilo ni la hesabu, na wanaojua kulirekebisha wako jengo la pili katika kampasi ileile. Idara ya elimu ingempa mwanafunzi msimamizi wa pili kutoka idara ya hisabati, kosa lingeonekana siku ya kwanza pendekezo la utafiti linapojadiliwa. Na mwanahisabati naye angepata data halisi. Udhaifu unaotumiwa kuthibitisha kuwa fani hizi hazifai umetokana na kuzitenga na kuzinyima: msimamizi mmoja mwenye wanafunzi kupita kiasi, darasa la mamia, na mshahara unaochelewa. Utafiti wa maabara ukipewa hali hiyohiyo huwa dhaifu vilevile, isipokuwa udhaifu wake hujificha nyuma ya mitambo.

Kisingizio cha pesa hakisimami. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 iliahidi mfuko wa kitaifa wa utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, na ahadi hiyo haijawahi kutimizwa kwa fani yoyote. Katika uhaba huo, busara ingekuwa kufadhili kwanza kazi isiyo ghali. Mtafiti wa jamii anahitaji nauli, wasaidizi wanaoijua lugha ya wenyeji na kompyuta ya kawaida. Mwanahisabati anahitaji muda na majarida. Wananyimwa kwa sababu kazi yao haina utepe wa kukatwa mbele ya kamera.

Sasa dharau hii inaingizwa katika sekondari pevu. Mipango ya serikali inalenga asilimia 60 ya wanafunzi waingie mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, asilimia 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Mapema mwaka wa 2025 ilitangazwa kwamba hisabati haingekuwa ya lazima kwa wote. Mnamo Aprili, baada ya malalamiko, Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kuwa itabaki, hisabati kamili kwa mkondo wa sayansi na nyepesi zaidi kwa mikondo mingine. Uamuzi ulitolewa, ukapinduliwa wiki chache baadaye, na kelele ndizo zilizoupindua.

Wanafunzi wa kwanza wa sekondari pevu waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Je, hisabati nyepesi itamwezesha msichana wa Moiben kusoma hesabu za mkopo, au itamfungia milango ambayo hataijua hadi afike chuoni? Anayechagua mkondo ni mwanafunzi, mzazi, au idadi ya walimu waliopo shuleni? Maswali haya yanahitaji shule zilizochaguliwa kwa hesabu sahihi kote Uasin Gishu, kutoka Turbo hadi Ainabkoi, mahojiano ya subira na wazazi, na mtu anayejua jinsi mtoto anavyojifunza aljebra. Vyuo vikuu viwili vya Eldoret vina watu wa aina hizo zote tatu. Kundi hilo la kwanza litamaliza sekondari mwaka wa 2028, na vipimo vya mwanzo wa safari yao visipochukuliwa sasa, havitaweza kuchukuliwa tena.