Ukoo Si Bima

Mwambie mwalimu au mwenye duka wa Bute, katika Kaunti ya Wajir, aliyemaliza juzi kujenga nyumba yake ya kwanza ya mawe, kwamba sasa aikatie bima pamoja na vyombo vilivyomo. Jibu lake utalijua kabla hajafungua kinywa: "Bima yetu ni ukoo." Hulitamka bila kusita, na waliokaa naye huitikia. Nasema imani hiyo ni kosa, na wanaoumia zaidi kwa kosa hilo ni wanyonge wetu wenyewe.

Kwanza tuutendee ukoo haki. Qaaraan, ule mchango wa jamaa kwa aliyepatwa na msiba, ni jambo tukufu. Nyumba ikiungua Bute asubuhi, kabla ya jua kutua habari imeshafika Wajir, Moyale, Eastleigh hadi Minneapolis, na pesa zinaingia kwa M-Pesa. Mzee anatoa mbuzi, mama anatoa godoro, kijana aliye ughaibuni anatuma dola. Hakuna fomu wala mhuri. Watu waliosahauliwa na serikali kwa miongo mingi wamefika hapa walipo kwa kushikana namna hiyo, na asiyeliheshimu hilo hana la kutufundisha.

Lakini kushikwa mkono ni jambo moja, kulipwa hasara yako ni jambo lingine. Qaaraan haina kiwango kinachojulikana. Kinachoamua ni jina la aliyepatwa, idadi ya ndugu zake wenye mishahara, na hali ya msimu. Mfanyabiashara mkubwa akiunguliwa, atachangiwa hadi asimame tena. Mjane anayeuza maziwa ya ngamia sokoni atapata godoro, dua na ahadi. Wote wawili wamewachangia wenzao kwa miaka. Ila mjane hana pa kwenda kudai, kwa sababu alichopewa ni hisani, na hisani haidaiwi.

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Ukoo una nguvu pale anapopatwa mmoja na wengine wamesalimika. Ukame na mafuriko haviji kwa mmoja. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa, na kabla haujaisha mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa katika kaunti kame za Kenya. Mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño, na maji yakaingia majumbani Wajir, Mandera na Garissa. Katika miaka kama hiyo, nani anamchangia nani? Mtoaji na mpokeaji wamepigwa na fimbo ile ile. Bima inafaa hapo kwa sababu moja: inachanganya hatari ya Bute na ya Nyeri, ya Kisumu na ya Mombasa, na watu wasiopatwa siku moja wanabebana.

Wapo wanaoitetea imani hii kwa dini, wakisema anayekata bima amepungukiwa na tawakkul, yaani kumtegemea Mungu. Hiyo si hoja ya wanazuoni. Waliokataa bima ya kawaida walitaja gharar, yaani mkataba wenye utata, pamoja na kamari na riba. Akademia ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jeddah mnamo Desemba 1985 ilikataza bima ya kibiashara, na katika azimio hilo hilo ikaikubali bima ya ushirika. Huko Sudan kampuni ya namna hiyo ilikuwa imeanza tangu 1979, na Kenya ikapata ya kwetu, Takaful Insurance of Africa, mwaka 2011. Katika takaful, wanachama huchangia mfuko kwa nia ya kusaidiana. Kampuni huusimamia kwa ujira. Pesa haziwekezwi penye riba. Na ziada hugawiwa wachangiaji kwa mujibu wa mkataba. Moja ya misingi ambayo wanazuoni waliijengea hoja ni aqila, jamaa wanaobeba diya, fidia ya damu, kwa pamoja. Sisi tunaojua jinsi diya ya ngamia 100 inavyogawanywa kati ya koo tulipaswa kuwa wa kwanza kuielewa takaful.

Na Wajir haianzi leo. Mnamo Machi 2014 wafugaji wapatao 100 wa kaunti hii walilipwa na takaful ya mifugo, baada ya picha za setilaiti kuonyesha kuwa malisho yamekauka. Oktoba 2015 serikali ikaanzisha mpango wake wa bima ya mifugo, na kaunti mbili za mwanzo zilikuwa Turkana na Wajir. Aliyekubali kwamba mbuzi wake anaweza kukatiwa bima ana sababu gani ya kuikataa kwa paa linalomfunika yeye na watoto wake?

Basi anayenunua mara ya kwanza aangalie nini? Ajue kwanza kwamba bima ya nyumba nchini Kenya huuzwa kwa mafungu: jengo, vyombo vya ndani, vitu vya kubebeka kama simu na kompyuta, mfanyakazi wa nyumbani akiumia kazini, na madhara yanayoweza kumpata mtu mwingine kwa sababu ya nyumba yako. Mwalimu au muuguzi aliyepanga chumba Bute hahitaji fungu la jengo. Hilo ni la mwenye nyumba. Yeye akate la vyombo tu.

Pili, asidanganye thamani ili alipe kidogo. Vyombo vya shilingi 400,000 ukivikatia bima ya 200,000, moto ukila vya 100,000 kampuni inaweza kukulipa 50,000 tu, kwa kuwa nusu ya hatari uliamua kuibeba mwenyewe. Bidhaa nyingi tunazinunua Moyale bila risiti. Basi vipige picha vyombo vyako chumba kwa chumba, na picha hizo zikae kwa ndugu aliye mji mwingine.

Tatu, asome yaliyoachwa nje kabla ya kusoma yaliyomo. Je, mafuriko yamo? Ghasia za kisiasa na ugaidi, ambavyo katika ukanda wetu si habari za mbali, kwa kawaida haviingii ila ununue nyongeza. Nyumba ikikaa tupu kwa muda mrefu, familia ikiwa safarini Nairobi au malishoni, fidia ya wizi inaweza kukatika. Na ukiweka magunia 20 ya sukari ya biashara chumbani, usiyahesabu kuwa vyombo vya nyumbani.

Nne, ahakikishe kampuni na ajenti wana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na alipe kabla. Sheria ya Bima hairuhusu kampuni kubeba hatari ambayo haijalipiwa. Mazoea ya "andika, nitalipa mwisho wa mwezi" yanafaa dukani. Kwenye bima yatakuacha mikono mitupu.

Kampuni nazo zina deni kwetu. Nyingi hukimbia nyumba za udongo na za miti, na mikataba yao imeandikwa kwa Kiingereza ambacho hata mhitimu wa chuo hukisoma mara mbili. Zikitaka pesa ya Bute, zije na mkataba wa Kiswahili na Kisomali, na bei ya nyumba tunazolala kweli.

Na hapa ndipo ukoo una kazi mpya. Kamati zile zile zinazokusanya qaaraan baada ya moto zinaweza kukusanya mchango kabla yake, zikaenda kwa kampuni ya takaful zikiwa na kaya 200 na kudai mkataba wa pamoja, wenye bei nafuu na masharti yaliyosomwa msikitini mbele ya watu wote. Hapo mjane wa maziwa atakuwa na namba ya bima kama ya tajiri, na siku ya msiba atadai haki yake bila kumpigia mtu magoti. Ukoo unaomwacha asubiri huruma ya msimu haujamlinda. Wazee wa Bute walianze jambo hili mvua ijayo haijanyesha.