Jiko la Gesi Nalo Lina Maneno Yake



Siku hizi watu wanaopita ofisini kwa karani hapa Mpapura hawaulizi tu habari za vyeti vya ubatizo. Huuliza habari za jiko la gesi. Mmoja asema moto wake umekuwa wa njano, mwingine asema mtungi watoa jasho, wa tatu ananusa harufu kila ajapo jikoni. Si ajabu. Mwezi wa Mei, 2024, Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, na shabaha yake ni kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakipika kwa nishati hiyo. Basi mitungi ya kilo 6 imeingia vijijini. Nyumba nyingine huiweka chumbani kama pambo la wageni, na mafiga matatu yaendelea na kazi yake kama zamani.

Katika nchi za baridi kama Uingereza na Ujerumani, nyumba nyingi zina chombo cha gesi kilichotundikwa ukutani. Chachemsha maji ya kuoga na kupasha vyumba joto. Kikipata hitilafu chaandika herufi na tarakimu kwenye kioo chake kidogo. Vyombo vya kampuni ya Vaillant ya Ujerumani vikiandika F22, maana yake maji ni haba. Vikiandika F28, moto umekataa kuwaka. Mwenye nyumba hufungua kitabu akajua lipi alifanye mwenyewe na lipi amwitie fundi. Jiko letu halina kioo wala tarakimu. Lakini nalo husema, kwa harufu, kwa rangi ya moto, kwa sauti na kwa masizi. Asiyejua maneno yake hupiga kiberiti mara ya pili na ya tatu, na huko ndiko nyumba huungulia.

Tuanze na harufu, maana ndiyo neno lisilongoja. Gesi yenyewe haina harufu. Ile tunayoinusa, kama ya kitunguu kilichooza, imetiwa makusudi ili tujue gesi inavuja. Watu walijifunza jambo hili kwa msiba. Tarehe 18 Machi, 1937, huko New London katika jimbo la Texas, Marekani, gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya sakafu ya shule bila mtu yeyote kujua, ikalipuka, na watoto pamoja na walimu wao wapatao 300 wakafa. Baada ya hapo ndipo Texas ilipoweka sheria kwamba gesi itiwe harufu, na kwingineko wakafuata.

Tena jueni kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini, yatambaa chini kama maji, ikajikusanya sakafuni, mvunguni mwa kitanda na penye mashimo. Kwa hiyo mtu aliyesimama aweza asinuse kitu, na mtoto aliyelala mkekani ananusa. Na katika jiko letu la kijijini, hatua tatu tu kutoka mtungini, pana jiko la mkaa linalowaka, au kibatari, au dawa ya mbu inayofuka. Gesi haingoji kiberiti chako. Yajitafutia moto yenyewe.

Ukinusa, funga valvu ya mtungi. Usiwashe kiberiti, wala taa ya umeme, wala usiizime kama inawaka, wala usishike simu humo ndani, maana cheche ndogo yatosha. Watoe watoto, zima kwa uangalifu moto wowote ulio nje karibu na mlango, fungua milango na madirisha, kisha mtungi utolewe uwanjani palipo na upepo. Zimamoto nambari yao ni 114, lakini gari laweza kutoka mbali, basi usikae ukilingoja ndani.

Harufu ikiisha, na mtungi ungali nje, ndipo utafute panapovuja. Koroga sabuni na maji mpaka yatoe povu, paka kwenye valvu, kwenye regulata na kwenye mpira wa gesi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha fungua valvu kidogo. Panapovimba mapovu ndipo panapovuja. Wako watu wanaotafuta mvujo kwa njiti ya kiberiti, nao hujisifu kwamba wamefanya hivyo miaka mingi. Hao tusibishane nao, ila tusiwaruhusu jikoni mwetu. Mara nyingi kosa ni dogo: ule mpira wa duara ulio mdomoni mwa valvu umepotea au umekatika wakati wa kubadilisha mtungi, au mpira mrefu umetafunwa na panya. Ukunje kwa vidole. Ukiona nyufa, nunua mpya. Kuufunga kwa kitambaa au plastiki si dawa. Valvu yenyewe ikivuja, usiifungue kwa spana, mrudishie muuzaji.

Neno la pili ni rangi ya moto. Moto mzuri ni wa buluu, umetulia, wala hauachi masizi chini ya sufuria. Ukiona umekuwa wa njano kwa muda mfupi baada ya uji au maji ya chumvi kumwagikia jikoni, usiogope, ni chumvi tu inayoungua. Lakini ukiwa wa njano kila siku na sufuria zikawa nyeusi kama za kuni, jiko lasema, "Sipati hewa." Zima, acha lipoe, toa bana, yaani kile kichwa cha chuma chenye matundu, kisugue kwa brashi na maji, kikauke kabisa, ukirudishe kikae sawa mahali pake. Tazama pia kitundu cha kuingizia hewa kilicho chini. Mara nyingi utakuta utando wa buibui.

Wengi huona moto wa njano ni hasara ya sufuria tu. La. Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ni ile ile itokayo katika mkaa. Harufu ya mvujo itakuamsha. Sumu hii haitakuamsha. Katika nchi hizo za baridi watu hutundika nyumbani kifaa kinacholia sumu hiyo ikiwapo, kwa kuwa hakuna pua iwezayo kuitambua. Sisi dalili zetu ni ule unjano, masizi, na kichwa kinachouma mpishi akiwa ndani kikatulia akitoka nje. Ukiyaona hayo, toka, fungua dirisha, wala usilipikie jiko hilo mpaka litengenezwe. Na wakati wa masika, mvua inapowafanya watu wafunge kila kitu, usilale chumba kimoja na jiko lo lote linalowaka, liwe la gesi au la mkaa.

Sauti nayo ni neno. Moto ukinguruma na kuruka juu ya bana kama unaotaka kukimbia, gesi yatoka kwa nguvu mno, na mara nyingi regulata imechoka, ibadilishwe, isifunguliwe. Ukisikia "pa!" na moto ukaingia ndani ya bana, zima mara moja, ungoje lipoe, kwani bana haikukaa sawa.

Moto mdogo kwa kawaida wasema mtungi waelekea kwisha. Mimina maji ya vuguvugu ubavuni mwa mtungi, kisha uupapase kutoka juu kwenda chini. Pale pabaridi ndipo gesi ilipofikia. Harufu huzidi kidogo mtungi ukikaribia kwisha, maana dawa ya harufu hubaki nyuma ya gesi; hata hivyo paka povu kwanza. Jasho la mtungi si ugonjwa: gesi inapotoka kwa wingi mtungi hupoa, na unyevu wa pwani yetu hujishika hapo. Kama mtungi mpya waisha upesi kuliko wa jirani, upime. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Toa huo katika uzito wote, kinachobaki ndicho ulichonunua. Watu wa korosho hatuhitaji kufundishwa umuhimu wa mizani.

Limebaki jambo moja la kwetu Mtwara. Kwa kuwa gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu 2015 bomba laipeleka Dar es Salaam kutoka Madimba, wengi hudhani gesi ya mtungi ni hiyo hiyo. Sivyo. Hiyo ya ardhini ni nyepesi kuliko hewa, hupanda juu. Ya mtungi ni namna nyingine, na nyingi huletwa kwa meli kutoka nje. Mjini ziko nyumba zilizounganishwa na bomba, na majiko yao yana vitundu vikubwa vya kutolea gesi. Basi ndugu akikuletea jiko lililotumika kwenye bomba, ukalifunga kwenye mtungi, utapata moto mrefu wa njano na masizi tele, na hata ukiosha bana kutwa hautabadilika. Mpelekee fundi aweke vitundu vya gesi ya mtungi. Na kabla ya kununua jiko kuukuu, muulize mwenyewe lilikuwa likipikia gesi gani.