Barazani kwa Mwalimu: Orodha Iliyomzika Aliye Hai



Mwaka huu barazani sina kisa cha kale. Nina kosa langu mwenyewe la kuungama. Waliosoma kwangu wanajua nilivyokuwa mkali wa kusahihisha madaftari. Basi leo daftari ni langu.

Mnajua kwamba kurasa za mwisho za kitabu chetu ni Orodha ya Jamaa: jina la mtu, baba na babu yake, alikozaliwa, watoto wake na mji anaokaa. Aliyetangulia mbele ya haki huongezewa mstari wa "Marehemu" na mwaka aliofariki. Kwa miaka mingi niliipanga orodha hii kwa mkono, vikaratasi nimevitandaza mkekani na feni imezimwa visipeperuke. Tulipoihamishia kwenye kompyuta, kila jina jipya likawa linatiwa mwishoni tu, hata kumtafuta mtu ikawa kazi.

Nikapata habari kwamba kompyuta ina amri ya kupanga mistari kwa alifabeti. Nikaitoa amri hiyo, na kufumba na kufumbua kazi ya wiki mbili ikawa imekwisha. Kwa furaha yangu, bila ya kuisoma, nikaipeleka rasimu kwa wazee wa kila familia waihakiki.

Usiku ule ule simu ikalia. Alikuwa bibi mmoja, umri wa mama yangu.

"Mwalimu, mwanangu, mmenizika lini? Na pilau ya khitma yangu kala nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi mmeniua, na dada yangu aliyekufa mmemfufua, na wanawe simuoni hata mmoja. Tumetawanyika tangu 1964, Mwalimu. Kitabu hiki ndicho kinachotukusanya. Ukitutawanya na humu ndani, tutaonana wapi tena?"

Sikulala. Nikaifungua rasimu na kuisoma kama nilivyopaswa kuisoma kabla. Mashine ilifanya nilivyoiambia: ilipanga mistari. Haikujua kwamba mistari minne au mitano ni mtu mmoja. Mistari yote ya "Marehemu" ilikusanyika kwenye herufi M, na bibi yule, ambaye jina lake kwa alifabeti ndilo lililotangulia neno hilo, akabandikwa maiti wa familia zote. Majina yaliyoanzwa kwa herufi ndogo yalikaa chini ya Zuwena, kwani katika hesabu ya mashine Z kubwa ni 90 na a ndogo ni 97. Na 10 ilitangulia 2, kwa kuwa ilitazama tarakimu ya kwanza tu, kama inavyotazama herufi.

Asubuhi nikamwita mpwa wangu, kijana anayejua mambo haya. Hakugusa mashine kwanza. Aliniuliza, "Mjomba, mtu mmoja anaanzia wapi na anaishia wapi?" Tukaacha mstari mtupu baina ya mtu na mtu. Akauliza tena, "Na tumpange kwa kitu gani?" Hapo tukakaa mpaka adhuhuri.

Maana mpangilio ni mapatano ya watu. Madrasa tulisoma alifu, be, te, the. Lakini kwenye hesabu ya abjadi ni alifu, be, jimu, dali, yaani 1, 2, 3, 4. Na Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwenye asili ya hapa hapa Oman, aliyeishi Basra katika karne ya 8, kamusi yake ya Kiarabu aliianza kwa herufi ayn, kwa kuwa hutoka ndani kabisa ya koo. Herufi ni zile zile, na kila mpangilio una sababu yake.

Sisi tukapatana kupanga kwa ukoo. Mpwa wangu akaandika programu ndogo ya Python, mistari isiyozidi ishirini. Husoma faili, hulikata penye mstari mtupu, na kila mtu humtengenezea ufunguo: jina la ukoo, limeondolewa "Al", herufi zote ndogo. Kisha hupanga kwa ufunguo huo, na kila mtu hwenda na mistari yake yote. Wenye ufunguo mmoja Python huwaacha kwa mfuatano waliokuja nao. Hilo lilinipendeza mno, kwani wazee wetu hututajia watoto kwa kuzaliwa kwao, na mkubwa akabaki mbele ya mdogo.

Mambo mawili niliyashikilia mimi. Matokeo yaandikwe kwenye faili jipya, la asili lisiguswe. Na watu wahesabiwe kabla na baada; akipungua hata mmoja, kazi irudiwe.

Idadi ilipolingana, nikampigia bibi simu, nikamsomea ukoo wake jina baada ya jina. Alinyamaza mpaka nilipofika kwa dada yake, marehemu, na wanawe watano chini yake. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia.

Basi ndugu zangu, mnapotuletea majina kwa kitabu kijacho, mstari wa kwanza uwe jina kamili pamoja na la ukoo. Tarehe zianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mfano 1958-03-07, ili mashine isikosee nani mkubwa. Acheni mstari mtupu baina ya mtu na mtu. Na rasimu ikikufikieni, isomeni yote, hata ikiwa imepangwa na mwalimu.